Siku 44 katika Kiti cha Hasimu

Mapenzi ya mpira wa Kiingereza hapa visiwani hayahitaji kuelezwa. Jumamosi ikifika, watu wazima wenye wajukuu hukaa barazani wakabishana, hata wakanuniana, kwa ajili ya klabu za miji ambayo hawajapata kuiona wala hawatarajii kuiona. Na mabishano hayo siku hizi hayahusu wachezaji sana. Yanahusu walimu wa timu: nani afukuzwe, nani aletwe, na kwa nini aliyeletwa mwezi uliopita angali yupo. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya leo kuitumia nafasi hii, ambayo kwa kawaida huwa ya mambo ya maji, barabara na bei za vyakula, kuizungumzia filamu moja ya mpira ambayo ingefaa kutazamwa na wapenzi wa mchezo huo, na zaidi ya hao, na wakubwa wenye dhamana ya kuteua watu na kuwaondoa.

Filamu yenyewe yaitwa The Damned United. Ilitolewa mwaka 2009 chini ya uongozaji wa Tom Hooper, na maneno yake yaliandikwa na Peter Morgan kutokana na riwaya ya David Peace iliyochapishwa mwaka 2006. Inasimulia habari za Brian Clough, ambaye katika mwaka 1974 alikabidhiwa timu ya Leeds United, mabingwa wa Uingereza wa mwaka ule, akadumu nayo siku 44 tu, tangu mwisho wa Julai mpaka tarehe 12 Septemba. Aliyekuwa akikikalia kiti hicho kabla yake ni Don Revie, mtu ambaye Clough alikuwa amempiga vijembe hadharani kwa miaka.

Wengi wanaoitazama huinuka wakisema kwamba wameona kisa cha mtu mwenye majivuno aliyetaka makubwa akaanguka. Sisi twaukubali usemi huo kwa nusu. Majivuno yapo, tena tele. Lakini hatudhani kwamba mwenye kosa kubwa zaidi katika siku zile 44 alikuwa Clough. Tunadhani walikuwa wale waliomteua, na filamu hiyo, ambayo kila jicho ndani yake linamtazama Clough, inawaacha watoke mlangoni wakiwa wamejifuta mikono.

Tuanze na uhasama wenyewe. Clough na Revie walikuwa wazaliwa wa mji mmoja. Wote wawili walizaliwa Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma ulioko kaskazini-mashariki ya Uingereza, Revie mwaka 1927 na Clough mwaka 1935. Wote wawili walikuwa washambuliaji, wote wawili walipata kuichezea klabu ya Sunderland na timu ya taifa lao. Mtu angetarajia wawe kama ndugu. Lakini sisi watu wa visiwa, tunaoishi tukijuana ukoo kwa ukoo, tunafahamu vyema kwamba chuki ikali haitoki mbali. Mtu hamwonei kijicho mfalme wa nchi ya ng'ambo. Humwonea yule waliyetoka naye mtaa mmoja.

Ziko sababu nyingine za haraka ya Clough, na filamu haikuzipa nafasi ya kutosha. Alikuwa mfungaji wa ajabu, aliyepata mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Tarehe 26 Desemba 1962, katika kiwanja kilichoganda kwa baridi, aligongana na mlinda mlango wa timu ya Bury, goti likaharibika. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alijaribu kurudi baadaye, haikuwezekana. Kwa hiyo mtu huyu aliyeanza kazi ya umeneja mwaka 1965, katika klabu maskini ya Hartlepools, akiwa na miaka 30, alikuwa na deni analolidai dunia. Kila alichokitafuta tangu hapo alikitafuta kwa pupa ya mtu aliyenyang'anywa chakula kabla hajashiba. Hatusemi hivyo ili kumtetea. Tunasema kwa sababu tamaa ya ukubwa ina aina nyingi, na mtu mwenye kazi ya kuteua wengine anapaswa kuitambua ile iliyo mbele yake.

Huko Hartlepools alikuwa na mwenziwe, Peter Taylor, mlinda mlango waliyejuana naye walipokuwa wote Middlesbrough. Katika mwaka 1967 walikwenda pamoja Derby, timu ya daraja la pili. Mwaka 1969 wakaipandisha. Mwaka 1972 wakatwaa ubingwa wa Uingereza, na namna walivyoutwaa ilikuwa kama mzaha: Derby walikwisha maliza mechi zao, wachezaji wakaenda na Taylor kupumzika Majorca, na Clough mwenyewe akaenda na jamaa zake katika visiwa vidogo vya Scilly. Leeds walihitaji sare tu dhidi ya Wolverhampton, siku mbili baada ya kutwaa Kombe la FA. Wakafungwa mabao mawili kwa moja. Clough akapata habari ya ubingwa wake akiwa kisiwani, na aliyenyang'anywa tonge mdomoni alikuwa Revie.

Taylor alikuwa na jicho la kuona mchezaji. Clough alikuwa na ulimi wa kumfanya mchezaji huyo ajione anaweza kuhamisha mlima. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika historia ya mpira wa Uingereza ni vigumu kuupata mfano wa methali hiyo ulio bora kuliko watu hawa wawili. Waigizaji Michael Sheen, aliyemwigiza Clough, na Timothy Spall, aliyemwigiza Taylor, wamelionyesha jambo hilo vizuri kupita kiasi. Ukimtazama Spall amekaa kimya kando ya mwenziwe anayepayuka mbele ya waandishi, unaona kwa uso wake tu kwamba anajua lipi ni kweli na lipi ni upepo.

Liko tukio moja katika filamu ambalo tungependa kulieleza, kwa kuwa ndilo linaloubeba uhasama wote. Leeds, timu kubwa, inakuja Derby kucheza mechi ya Kombe la FA, na Derby bado ni wadogo. Clough anaisafisha nyumba yake kama bibi harusi anayewangoja wakwe. Anapanga taulo, anapanga machungwa, anapanga mpaka visahani vya majivu ya sigara, anaweka divai na bilauri mbili ofisini ili baada ya mchezo akae na mgeni wake, mtu wa mji wake. Revie anashuka garini, anampita, hampi mkono. Pengine hakumwona. Pengine alimwona. Filamu haisemi, na hapo watengenezaji walifanya vyema. Clough anabaki na bilauri zake.

Mtu mwingine angelisahau jambo hilo kesho yake. Clough, kwa mujibu wa filamu, hakulisahau. Katika maisha ya kweli alikuwa na sababu nyingine za kuilaumu Leeds ya Revie. Aliona wanacheza kwa rafu, wanawazonga waamuzi, wanashinda kwa ujanja usiofaa, na aliwahi kusema hadharani kwamba klabu hiyo ingefaa ishushwe daraja. Maneno hayo hayakuwa siri. Yalijulikana na kila mtu aliyekuwa na uwezo wa kusoma gazeti.

Basi tufike mwaka 1974. Clough alikwisha gombana na mwenyekiti wake wa Derby, Sam Longson, akajiuzulu yeye na Taylor mwezi wa Oktoba 1973, na sasa walikuwa Brighton, timu ya daraja la tatu. Revie, baada ya miaka 13 ya kuitumikia Leeds, aliitwa kwenda kuifundisha timu ya taifa. Kabla ya kuondoka alitoa ushauri: mrithi wake awe Johnny Giles, kiungo wa timu, mtu wa ndani. Wakubwa wa klabu, chini ya mwenyekiti wao Manny Cussins, hawakuufuata ushauri huo. Wakamwita Clough.

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasimame kidogo. Wakubwa wale walikuwa na timu iliyocheza mechi 29 za mwanzo wa msimu bila ya kufungwa, wachezaji waliolelewa pamoja kama watoto wa nyumba moja, na wanampenda Revie kama baba yao. Wengi wao walikwisha vuka umri wa miaka 30, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba timu itahitaji kubadilishwa damu. Kazi iliyohitajika ilikuwa ngumu na yenye kutaka upole: kuwaaga wazee kwa heshima na kuwaingiza vijana. Kwa kazi hiyo walimteua mtu aliyewatukana wazee hao kwa miaka mitano. Hakuja na Taylor. Taylor alisema amekwisha toa ahadi Brighton, naye atabaki kuitimiza. Kwa hiyo walinunua mkasi wenye ubavu mmoja, kisha wakashangaa haukati.

Je, walimwuliza Clough atafanya nini na akina Bremner, Giles na Hunter? Je, walimwambia wanataka nini wao wenyewe, vikombe vya mwaka ule au timu ya miaka mitano ijayo? Kama waliulizana, mwenendo wao uliofuata haukuonyesha. Walivutiwa na jina. Clough alikuwa mtu wa televisheni, maneno yake yakichapishwa kila siku, na klabu kubwa hupenda kuonekana imempata mtu ambaye kila mtu anamzungumza. Si klabu za mpira pekee zenye ugonjwa huo. Zipo idara na mashirika yanayojaziwa wakuu kwa sifa za hotuba zao, na hatuna haja ya kutaja jina la yeyote.

Siku 44 zenyewe zinaelezeka kwa maneno machache. Inasimuliwa, na filamu inaonyesha, kwamba katika mazungumzo yake ya mwanzo na wachezaji Clough aliwaambia medali zao zote wazitupe jaani, kwa kuwa walizipata kwa hila. Tarehe 10 Agosti, katika mechi ya Ngao ya Hisani uwanjani Wembley dhidi ya Liverpool, nahodha Billy Bremner na Kevin Keegan walipigana, wakatolewa nje, wakavua jezi zao na kuzitupa. Bremner akafungiwa mechi nyingi, na meneja mpya akampoteza kiongozi wa wachezaji. Katika mechi sita za ligi alizoziongoza Clough, Leeds walishinda moja, wakatoka sare mbili, wakafungwa tatu. Aliwaleta wachezaji wake wa zamani wa Derby, John McGovern na John O'Hare, na watazamaji wakamzomea McGovern katika uwanja wa nyumbani. Wachezaji wakaenda mbele ya wakubwa wakasema yaliyo moyoni mwao. Tarehe 12 Septemba kazi ikakoma.

Hatutaki kumpaka Clough mafuta. Mtu anayeingia nyumba ya watu na kuanza kwa kuwaambia kwamba kila walichokula miaka yote ni haramu, huyo hatafuti kuongoza, anatafuta kulipiza. Alikuwa amekaa katika kiti lakini hakuwa akifanya kazi ya kiti hicho. Alikuwa akizungumza na mtu aliyekwisha ondoka. Jioni ya siku ile ile aliyofukuzwa aliketi katika studio ya televisheni ya Yorkshire uso kwa uso na Revie, na mazungumzo hayo yapo mpaka leo kwa anayetaka kuyaona. Filamu imeyaiga karibu neno kwa neno. Kinachostaajabisha ni kwamba wawili hawa hawajibizani juu ya mpira hata kidogo. Revie anamwuliza kama aliwajua wachezaji, kama alikaa nao, kama alizungumza nao. Clough anajibu kwamba alitaka kushinda ligi, tena kwa namna iliyo bora kuliko ya Revie. Revie anamwambia kwamba haiwezekani, kwani msimu ule timu ilifungwa mechi nne tu. Tazameni jinsi mtu aliyefukuzwa kazi mchana bado anashindana usiku.

Pamoja na hayo yote, swali letu kwa wakubwa wa Leeds linabaki pale pale, na jibu lake limo katika yaliyotokea Nottingham.

Mwezi Januari 1975, mtu yule yule, kwa ulimi ule ule, aliajiriwa na Nottingham Forest, timu ya daraja la pili. Msimu ule Forest walimaliza wakiwa nafasi ya 16. Msimu wa pili walimaliza wa 8. Kwa mizani iliyotumika Leeds, mtu huyo angekwisha fukuzwa mara nyingi. Forest hawakumfukuza. Mwaka 1976 Taylor akaja kuungana naye, na hapo mkasi ukapata ubavu wake wa pili. Mwaka 1977 walipanda daraja kwa kushika nafasi ya tatu. Mwaka 1978 wakawa mabingwa wa Uingereza. Wakacheza mechi 42 za ligi mfululizo bila ya kufungwa, kuanzia Novemba 1977 hadi Desemba 1978. Mwaka 1979 wakatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Munich kwa kuwafunga Malmö, na mwaka 1980 wakalitwaa tena mjini Madrid kwa kuwafunga Hamburg. Nahodha aliyelipokea kombe hilo mara zote mbili alikuwa John McGovern, yule yule aliyezomewa Leeds.

Tunajua watetezi wa wakubwa wa Leeds watatujibu nini, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema: baada ya kumwondoa Clough tulimleta Jimmy Armfield, mtu mpole, na kwa wachezaji wale wale tukafika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Paris mwezi Mei 1975. Ni kweli. Walifungwa na Bayern Munich mabao mawili kwa bila, na wapo watu Leeds ambao hadi leo hawajamsamehe mwamuzi kwa bao lililokataliwa. Lakini katika ligi ya msimu huo mabingwa walishika nafasi ya 9. Wazee waliendelea kuzeeka. Mwaka 1982 Leeds wakashuka daraja. Ubingwa hawakuuona tena mpaka mwaka 1992. Kumwondoa Clough kuliwapatia usingizi wa mwaka mmoja, na tatizo walilomwitia likabaki mlangoni linagonga.

Na hapa tuseme bila ya kuficha. Katika mambo ya michezo nchini mwetu, na katika mambo mengine, tumezoea kuhesabu makosa ya aliyeteuliwa. Tunayahesabu kwa kalamu na karatasi. Aliyemteua hatumwulizi kitu. Mwalimu wa timu akiondolewa baada ya mechi nne, magazeti, na sisi tukiwemo, huandika kwamba mwalimu ameshindwa. Nani alimtazama kabla ya kumwajiri? Aliambiwa apewe muda gani? Aliruhusiwa kuja na msaidizi wake, au alipachikwa msaidizi aliyekuwa akikitaka kiti hicho mwenyewe? Tungependa kuona siku moja kamati inayomwondoa mwalimu ikilazimika kutoa, pamoja na barua ya kumwondoa, maelezo ya kwa nini ilimchagua. Karatasi moja ingetosha. Wakubwa wengi wangefikiri mara mbili kabla ya kuajiri jina.

Liko jambo jingine juu ya filamu hii, nalo ni haki ya Don Revie. Mwigizaji Colm Meaney amemfanana mno, hata inatisha, lakini Revie aliyeandikiwa kumwigiza ni mtu mkavu na mwenye hila. Maandishi yanayofunga filamu yanampeleka Mashariki ya Kati na aibu mgongoni. Revie wa kweli aliichukua Leeds mwaka 1961 ikiwa inakaribia kuzama katika daraja la tatu, akaivika nyeupe kwa kuiga Real Madrid, akakusanya vijana wadogo akawalea, na kwa vijana hao akatwaa ubingwa wa ligi mara mbili, Kombe la FA, Kombe la Ligi na makombe mawili ya Ulaya ya wakati ule. Mtu mwenye hila tupu hapendwi na watoto wake kiasi kile.

Ni kweli mwaka 1977 aliiacha timu ya taifa ya Uingereza katikati ya safari ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, akaenda kuifundisha timu ya Falme za Kiarabu kwa mshahara mnono. Magazeti ya kwao yalimwita msaliti, na chama cha mpira kikamfungia miaka 10, adhabu ambayo mahakama iliitengua mwaka 1979. Namna alivyoondoka haikuwa nzuri, kwani habari ziliuzwa gazetini kabla waajiri wake hawajazisoma. Hata hivyo, hapa kwetu, ambapo hakuna nyumba isiyokuwa na mtu aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki, sisi hatuwezi kuona kwamba kule kwenda peke yake ni dhambi. Revie alifariki mwaka 1989, akiwa na miaka 61, kwa maradhi yaliyompooza. Hakupata nafasi ya kuitazama filamu akaijibu.

Wengine walikuwapo na walijibu. Johnny Giles alikwenda kwa wanasheria kwa sababu ya riwaya iliyoizaa filamu, akaombwa radhi na kulipwa fidia. Jamaa za Clough hawakuipenda riwaya wala filamu. Twaona ni muhimu mtazamaji ayajue haya kabla hajakaa mbele ya kioo, kwani vijana wetu wengi siku hizi wakiona jambo katika filamu huliweka moyoni kama hati ya mahakama. Filamu ni kazi ya mikono ya watu. Clough anayeonekana pale analia, anatapatapa, anajificha ofisini chini ya jukwaa la watazamaji wakati timu yake inacheza, anasikiliza kelele tu ili ajue nani amefunga. Ni tukio zuri, tena la kusisimua. Lakini uzuri wa tukio si ushahidi kwamba lilitokea.

Pale ambapo tunaisifu filamu bila ya masharti ni katika kumrudisha Peter Taylor mahali pake. Katika habari za wakubwa, msaidizi huwa kivuli. Humu ndani yeye ndiye moyo wa kisa. Mwisho kabisa Clough, ameshafukuzwa, anaendesha gari mpaka Brighton akiwa na wanawe, anapiga magoti chini mbele ya mwenziwe na kuomba asamehewe, na Taylor, kama rafiki yeyote wa kweli, anamlazimisha aseme maneno yote, moja baada ya moja, ndipo amkumbatie. Watazamaji hucheka, kisha hunyamaza.

Filamu inaishia hapo, na wenye kuitengeneza walikuwa na haki ya kuishia wapendapo. Maisha yaliendelea. Revie alipoondoka mwaka 1977 na kiti cha timu ya taifa kikawa wazi, Clough alikitaka. Ilikuwa mara ya pili kutaka kukaa alipokuwa amekaa Revie. Alihojiwa na hakupewa. Taylor alistaafu mwaka 1982, kisha akarudi Derby kuwa meneja. Mwaka 1983 alimchukua mchezaji John Robertson kutoka Forest bila ya kumwambia mwenziwe, na Clough, aliyewahi kusamehewa makubwa kuliko hayo, hakusamehe. Hawakusemezana tena. Taylor alifariki mwezi Oktoba 1990 huko Majorca. Clough alihudhuria mazishi yake, na baadaye kitabu cha maisha yake alimtunukia yeye. Clough mwenyewe alifariki tarehe 20 Septemba 2004.

Katika mji wa Nottingham sanamu ya Clough ilizinduliwa mwaka 2008, naye amesimama peke yake, ingawa vikombe vile viwili vya Ulaya alivitwaa na Taylor akiwa ubavuni mwake. Leeds walimsimamishia Revie sanamu yake nje ya uwanja wa Elland Road mwaka 2012. Watu wa Derby waliisimamisha yao mwaka 2010, na pale wako wawili, Clough na Taylor, pamoja na kikombe cha ubingwa.